Namba Tano

Picha iliingia saa nne usiku, nimekaa mezani nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Mtoto wa kaka yangu anayeishi Cardiff, kule Wales, alikuwa ametoka kumzika jirani yake, mzee wa Kisomali. Watu walipokuwa wanatawanyika makaburini, akaona jiwe lenye maneno yaliyomsimamisha. Akalipiga picha, akanitumia, na chini yake ujumbe mfupi: "Shangazi, huyu walimnyonga."

Nikaikuza picha kwa vidole. Mahmood Hussein Mattan. Na maneno ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni haya: aliuawa na dhuluma.

Nilianza kusoma habari zake usiku uleule. Nikaendelea kesho yake na keshokutwa, na sasa hii ni wiki ya sita. Mume wangu ameshaniuliza kama huyo Msomali ni ndugu yetu.

Si ndugu yetu. Ila kila nikifika mahali panapowataja mashahidi, moyo unanienda mbio, na anayenijia mbele ya macho si Mattan. Ni mwanamume mwenye shati la mistari, wa tano kutoka kushoto, anayetazama ukuta juu ya kichwa changu.

## Saa mbili usiku, Bute Street

Lily Volpert alikuwa na duka Bute Street, mtaa wa bandarini Cardiff. Aliuza nguo, alipokea rehani, alikopesha mabaharia. Jioni ya 6 Machi 1952, saa mbili na dakika chache usiku, alikuwa dukani na ndugu zake walikuwa chumba cha nyuma wakijiandaa kula. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha. Mtu akaingia, akamkata koo, akaondoka na kiasi cha pauni 100.

Nakaa kidogo na Bi Lily kwa sababu wengi wanaoisimulia kesi hii humpita mbio kumfuata mwanamume aliyenyongwa. Alikuwa mwanamke wa Kiyahudi wa makamo, mwenye biashara yake, katika mtaa ambao kila lugha ya dunia ilishuka melini ikakodi chumba. Alimfungulia mteja wa mwisho kama alivyowafungulia wengine siku zote. Chakula kilikuwa mezani.

Polisi walianza kupita vyumba vya Wasomali usiku uleule. Mmoja wao alikuwa Mattan, mwenye miaka 28 au 29, mzaliwa wa Somalia ya Waingereza, aliyekuja Cardiff kwa meli na kubaki. Mwaka 1947 alimwoa Laura Williams, binti wa Kizungu wa miaka 17, wakatukanwa njiani kwa ajili hiyo mpaka wakazoea. Walizaa watoto watatu, wote wa kiume. Kufikia 1952 mume na mke walikuwa wanalala nyumba tofauti, lakini mtaa mmoja, na yeye haachi kwenda kuwaona wanawe.

Hakuwa mtakatifu. Alicheza kamari, hakuwa na kazi, na alipoulizwa maswali na polisi alijibu kwa ukaidi na mengine aliyasema ovyo. Alisema alikuwa sinema, kisha akarudi chumbani.

Wakapekua chumba. Hakuna pesa. Hakuna nguo yenye damu. Baadaye walichukua viatu vyake, vikaonekana na chembe ndogo sana za damu. Vilikuwa viatu vya mtumba.

## Duka la Mangi

Na sisi ilikuwa saa mbili usiku.

Ni miaka 15 sasa. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na Tanga ule mwezi joto lilikuwa la kukufanya uchukie kuta za nyumba yako. Nilitoka kununua mishumaa na dawa ya mbu. Mangi alikuwa amewasha taa ya chemli na kuiweka juu ya mizani, kwa hiyo mwanga ulimpiga yeye usoni na kutuacha sisi wateja gizani. Tulitaniana kidogo kuhusu deni langu la unga. Akanipa chenji pungufu, akasema, "Mwalimu, mia mbili utachukua kesho."

Nilipogeuka nilipishana na mwanamume anaingia. Bega lake liligusa langu. Nikasema "samahani", naye hakujibu.

Hicho ndicho nilichokiona: bega, urefu unaonizidi kidogo, na uso uliopita kwenye mwanga wa chemli kwa muda wa kufumba na kufumbua. Nilikuwa nawaza mia mbili yangu.

Nilikuwa sijamaliza kuwasha mshumaa wa kwanza niliposikia ukelele wa mke wa Mangi.

Sitasimulia tulichokikuta. Waliokuwepo wanajua, na mjane wake husoma ninayoandika hapa.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa unasema neno moja. Wanyongwe. Lilisemwa kwenye foleni ya maji, likasemwa msibani, mzee wa msikitini alilisema na mama wa kwaya alilisema. Na mimi nililisema. Nilisimama uani kwa Mangi na kanga yangu kiunoni, mikono imejaa unga wa ugali wa matanga, nikasema kwa sauti: akikamatwa, anyongwe, tena hadharani.

Sikuwa nimehemkwa. Nilikuwa nimekaa nikafikiri, na hilo ndilo nililolifikia.

Siku ya nne mtu alinijia. Nilikuwa wa mwisho kutoka dukani. Nitahitajika kituoni.

## "Siye"

Hapa ndipo kesi ya Cardiff iliponishika na kunikatalia usingizi.

Kulikuwa na watu waliomwona mwanamume karibu na duka la Bi Lily jioni ile. Walipowekewa watu kwenye mstari, Mattan akiwemo, hakuna aliyemchagua. Kulikuwa na msichana wa miaka 12 aliyemwona mtu mweusi pale karibu na duka. Huyu walimwonyesha Mattan ana kwa ana. Akasema siye.

Mtoto wa miaka 12. Ni umri wa wanafunzi wangu. Najua wanavyomtazama mtu mzima anapouliza swali ambalo jibu lake tayari anataka liwe fulani. Wanalisoma usoni kabla hujafunga mdomo, na tisa kati ya kumi watakupa unachokitaka. Yule msichana alisimama mbele ya watu wazima wenye sare na kusema siye. Kila nikimfikiria nataka kumshika mkono.

Baraza la wazee wa mahakama halikumsikia. Walichosikia ni Harold Cover, mwanamume kutoka Jamaika, aliyesema alimwona Mattan akitoka pale mlangoni. Familia ya marehemu ilikuwa imetangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayesaidia, na sehemu ya zawadi hiyo baadaye ilimfikia Cover.

Kumbe maelezo ya kwanza ya Cover kwa polisi yalikuwa mengine. Alikuwa amemtaja Msomali mwenye jino la dhahabu. Mattan hakuwa na jino la dhahabu. Msomali mwingine wa mtaa uleule, Tahir Gass, alikuwa nalo. Mwaka 1954 Gass alimuua karani wa mishahara, akaonekana hana akili timamu na kupelekwa hospitali ya wafungwa wa namna hiyo. Na Cover mwenyewe, mwaka 1969, alitiwa hatiani kwa kujaribu kumuua binti yake. Kwa wembe.

Yale maelezo ya jino la dhahabu hayakufika kwa mawakili wa Mattan. Yalibaki kwenye faili.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilimwita Cover mwongo, na huenda ndivyo alivyokuwa. Lakini baada ya wiki hizi sita sina tena haraka ya kumwita hivyo, na sababu yake inaniuma kuiandika. Mtu anaweza kuanza na jino la dhahabu akaishia na uso mwingine kabisa, na katikati asikumbuke ni lini alivuka. Simtetei. Nasema najua njia ile inapitia wapi, kwa kuwa nimeshapita.

## Kituoni

Benchi lilikuwa nje, chini ya mwembe. Mjane wa Mangi alikuwa amekaa pale, kanga mbili, mtoto mgongoni, akitazama chini. Pembeni ya benchi kulikuwa na sanduku la fundi viatu, kiatu kimoja cha mwanafunzi kimevikwa kwenye chuma, na mwenyewe hayupo. Nakumbuka kile kiatu. Nilikitazama ili nisimtazame mjane.

Nikaitwa.

Wanaume tisa walisimama wamepanga mstari. Nikaelezwa nitembee taratibu, na nikimwona yule niliyepishana naye nimguse bega. Hakuna aliyenishurutisha na hakuna aliyenidokeza. Nasema hivi kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ingekuwa rahisi kwangu leo kumtupia mtu lawama.

Wa kwanza, hapana. Wa pili, mfupi mno. Wa tatu na wa nne siwakumbuki kabisa.

Wa tano alikuwa na shati la mistari ya bluu. Hakunitazama. Wote wengine walinitazama, wengine kwa hofu, mmoja karibu atabasamu, ila huyu alitazama ukuta. Nikashusha macho mikononi mwake. Kucha zake zilikuwa nyeusi, na weusi ule ulipanda mpaka kwenye vifundo vya vidole.

Nikajiambia: huyu.

Mkono wangu uliinuka. Sisemi kwa mfano, uliinuka kweli, kiasi cha kiwiko. Nilisikia kwa nje mtoto wa Mangi analia. Nilifikiria mia mbili yangu ambayo sitaipata kesho. Nilitaka kwa moyo wote niwe nimemwona mtu huyu mlangoni. Nilimtaka awe yeye, ili mambo yaishe, ili nikitoka nje niweze kumtazama yule mama.

Halafu nikajiuliza kama nilimwona kucha usiku ule, na sikuwa nimeona kucha zozote.

Nikashusha mkono. Nikapita wa sita mpaka wa tisa. Nikasema, "Simwoni."

Waliokuwa wameshikwa waliachiwa baada ya siku chache. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa damu ya Mangi mpaka leo. Na mimi niliishi miaka 15 nikijiuliza kama nilimwachia muuaji kwa sababu ya woga wangu.

## Nusu mshenzi

Kesi ya Mattan ilisikilizwa Swansea, Julai 1952. Kiingereza chake kilikuwa kichache. Alijibu maswali kwa maneno aliyokuwa nayo, na kila jibu fupi lilisikika kama la mtu anayeficha kitu.

Wakili wake, yule aliyesimama kumtetea, aliliambia baraza kwamba mteja wake ni nusu mtoto wa porini na nusu mshenzi aliyestaarabika kwa sehemu tu.

Alidhani anamsaidia. Alitaka waone kwamba uongo wake mdogomdogo kwa polisi ulitokana na ujinga, hautokani na hatia.

Sisi watu wa pwani tunalijua neno mshenzi lilitumikaje. Tunajua nani alimwita nani, na mtu akishaitwa hivyo kilichofuata kilikuwa halali kumfanyia. Kwa hiyo nilipoisoma kauli ile sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini wanaume waliokaa kusikiliza hawakupata taabu. Wakili alikuwa ameshawarahisishia. Shahidi mmoja, viatu vya mtumba, na mtu ambaye mtetezi wake mwenyewe hamhesabu kuwa mtu kamili.

Tarehe 24 Julai alitiwa hatiani. Hukumu ya kuua wakati ule ilikuwa moja tu, kwa hiyo jaji hakuwa na la kuchagua.

## Siku 41

Rufaa ilikataliwa Agosti. Tarehe 3 Septemba 1952 alinyongwa ndani ya gereza la Cardiff. Tangu hukumu hadi kamba ni siku 41. Tangu Bi Lily afe, hata miezi 6 haikutimia.

Laura hakuarifiwa siku. Alikwenda gerezani kumwona mumewe kama kawaida, akakuta tangazo limebandikwa mlangoni kwamba ameshanyongwa. Alikuwa na watoto watatu wadogo na umri wa miaka 22 hivi.

Nimejaribu mara nyingi kuipita sentensi hiyo ya tangazo la mlangoni nikashindwa. Sisi mtu akifa hata kijijini hutafutwa mtu mzima wa kuja kukukalisha chini kwanza. Huulizwa umekula. Huletewa maji.

Kuna jambo lingine la mwaka ule ambalo halimwachi Mwafrika Mashariki. Kesi ilisomwa kwa jina la Malkia Elizabeth, na Malkia mwenyewe alikuwa mgeni kwenye kiti: habari za kifo cha baba yake zilimkuta Kenya, baada ya kulala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare, 6 Februari 1952. Mwezi mmoja kamili kabla ya Bi Lily kuuawa. Mwezi na nusu baada ya Mattan kunyongwa, Oktoba, ikatangazwa hali ya hatari Kenya, na kamba ikaanza kazi Nairobi kwa kasi ambayo Cardiff haikuwahi kuiona. Walionyongwa miaka ile ya Mau Mau walipita elfu moja. Huku Tanganyika nako mashtaka yalisomwa kwa jina hilohilo. Mattan alikufa mbali na kwao, lakini sheria iliyomuua ilikuwa na matawi hadi uani kwetu.

Laura na wanawe hawakunyamaza. Mwaka 1969, baada ya Cover kufungwa, waliomba kesi ifunguliwe upya; serikali ikakataa. Mwaka 1996 wakaruhusiwa kuutoa mwili kwenye ardhi ya gereza na kumzika makaburini, kwenye lile jiwe nililoletewa picha yake. Mwaka uliofuata Uingereza ikaunda tume ya kupitia hukumu zenye mashaka, na kesi ya kwanza tume hiyo kuirudisha mahakamani ilikuwa hii.

Februari 1998 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia yake. Jaji Rose alisema mfumo wa haki unaoendeshwa na binadamu, na kwa hiyo unaoweza kukosea, pengine haukustahili kuishia kwenye adhabu ya kifo. Familia ikalipwa fidia. Mtoto mmoja wa kiume alikutwa amekufa ufukweni Scotland mwaka 2003. Laura alifariki 2008. Polisi wa South Wales waliomba radhi Septemba 2022, miaka 70 baada ya kamba, na wa kuipokea ile radhi walikuwa wajukuu.

Na Bi Lily? Hakuna aliyehukumiwa tena kwa kifo chake. Waliomnyonga Mattan walimnyang'anya na yeye haki yake, kwa sababu walipokwisha kumpata mtu, waliacha kutafuta.

## Kamba yetu

Dada mmoja ninayesali naye aliniambia: "Hayo ni ya Wazungu na ubaguzi wao. Sisi hapa mwizi akiua tunamjua."

Tunamjua?

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoachiwa na Mwingereza, bado kinamwamuru jaji. Ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, ni kunyongwa hadi kufa, hakuna kupima. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Dodoma, aliandika kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapahapa Arusha, ikasema katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya uhai. Waingereza wenyewe waliiweka kamba yao chini mwaka 1965. Yetu haijatumika tangu katikati ya miaka ya 1990, ila hukumu zinaendelea kusomwa, na wanaosomewa wanalala kila usiku bila kujua.

Lakini nisijifiche nyuma ya vifungu. Swali lililonitesa halikuwa la sheria. Nilimpenda Mangi. Nilitaka kamba. Hata sasa, nikiikumbuka chemli ile juu ya mizani, kuna sehemu yangu bado inaitaka, na sitaki kusema uongo kwamba picha ya kaburi la Cardiff imeifuta.

Kilichonigeuza ni kitu kimoja tu, na kinatoka kwenye mahakama zetu wenyewe. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ndio dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ikaorodhesha ya kuulizwa. Ulimwona kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Ulikuwa unamfahamu kabla?

Nikachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikajijibu pembezoni mwa daftari.

Kufumba na kufumbua. Bega kwa bega. Chemli moja, kwa nyuma. Hapana.

## Uso

Sasa niseme lile lililonifanya niandike.

Siku hizi nikifumba macho na kurudi pale mlangoni kwa Mangi, naona kila kitu. Mwanamume anaingia. Ana shati la mistari ya bluu. Anatazama ukuta juu ya kichwa changu. Ananipita, na mkono wake unashika fremu ya mlango, na kucha zake ni nyeusi mpaka kwenye vifundo.

Naona waziwazi kuliko ninavyoona daftari hili.

Ukinisimamisha mahakamani leo, ukaniapisha kwa kitabu changu, nitamweleza mtu huyo mpaka kifungo cha shati, na wakili hatanitikisa. Mwaka ule nilikuwa na bega tu. Miaka imepita, na badala ya kusahau nimezidi kukumbuka. Kitu kilichokuwa hakipo kimekuja kukaa, kikapata rangi, kikapata mikono.

Sikukiweka mimi. Kilijiweka.

Ndiyo maana sina haraka tena na Harold Cover.

## Kwa mjane

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Ana genge sasa, nyanya, vitunguu, nazi, mkaa wa vifungu. Yule mtoto wa mgongoni yuko kidato cha tatu. Nilinunua nazi mbili ambazo sikuzihitaji, nikazungukazunguka, mpaka akasema, "Mwalimu, umekuja na neno. Kaa."

Nikakaa kwenye ndoo. Nikamwambia yote. Mkono ulioinuka. Mkono ulioshuka. Kwamba nimeishi miaka yote hii nikidhani nilimwachia aliyemuua mumewe, na kwamba kama nilikosea aniambie tu, nitabeba.

Alisikiliza akimenya vitunguu, hakuinua uso.

"Alikuwa wa ngapi?"

"Wa tano. Mwenye shati la mistari."

Kisu kikasimama. Akanitazama kwa muda, na sura yake nilishindwa kuisoma, kama anataka kucheka na kama anataka kulia.

"Wa tano ni fundi viatu," akasema. "Yule wa chini ya mwembe. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Watu wa kujaza mstari hawakutosha, wakatoka nje kumwita. Aliacha kiatu kwenye chuma, akaniambia, mama, niangalizie sanduku."

Nikauliza kuhusu kucha.

"Rangi ya viatu, mwalimu. Wewe ulifikiri nini?"

Sikuweza kujibu. Akanimiminia maji kwenye kikombe cha bati, nikanywa. Akasema yule fundi alirudi akitetemeka, akashona kiatu kile vibaya, ikabidi afumue. Akasema yupo mpaka leo, palepale, na viatu vya shule vya mwanawe vinashonwa kwake.

Jana nilipita. Nilibeba kandambili yangu ya ngozi iliyokatika mkanda. Mwembe umekatwa nusu, benchi ni jipya. Alikuwa ameinama, nywele zimeingia mvi, sindano imebanwa midomoni. Uso ule ninaoujua kuliko wa ndugu zangu wengine.

Aliinua macho, akanitazama moja kwa moja, akatoa sindano mdomoni.

"Karibu, mama. Kimekatika wapi?"